Guangzhou hadi Yiwu: ndege, treni ya mwendokasi au treni ya usiku?

Wafanyabiashara wengi wa kwetu wanaokwenda China kununua mzigo hupanga miji miwili katika safari moja. Guangzhou ndiko wanakoshukia, kwa sababu ndege za Kenya Airways, Ethiopian na Air Tanzania huenda huko, na ndiko kwenye masoko ya nguo, viatu, mikoba na spea. Yiwu, mkoani Zhejiang, ndiko kwenye soko kubwa la bidhaa ndogondogo: vyombo, mapambo, vifaa vya shule, midoli, vibanio, taa. Soko hilo, International Trade City, ambalo wengi bado wanaliita Futian, lina vibanda zaidi ya 75,000 katika kanda kadhaa. Kila saa unayokosa kuwa ndani yake ni bei ambazo hukupata kuziuliza.

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, hadi uwanja wa Yiwu unapata kilomita 940 hivi, zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa njia ya anga. Reli haina mstari ulionyooka. Treni ya mwendokasi inayopitia Changsha na Nanchang hukimbia karibu kilomita 1,500. Watu hutazama takwimu hizo, wakaona ndege ni muda wa saa 2 na treni ni muda wa saa 7, wakakata shauri hapohapo kwamba ndege ndiyo njia. Huenda ndege ikawa ndiyo inayowafaa, lakini hesabu hiyo bado haijakamilika.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni saa za soko unazopoteza. Soko la Yiwu hufunguliwa asubuhi na kufungwa mapema jioni, saa kumi na moja au baada ya hapo kidogo. Masoko mengi ya jumla ya Guangzhou nayo hayakai wazi hadi usiku. Safari ya muda wa saa 15 inayofanyika usiku haikuchukulii soko hata kidogo, ilhali safari ya muda wa saa 5 inayoanza asubuhi inakula siku nzima. Kwa hiyo usiulize tu safari ni ndefu kiasi gani. Uliza inaangukia wapi katika saa ishirini na nne.

Cha pili ni muda wa mlango kwa mlango, yaani tangu unapotoka hotelini Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou, hadi unapoweka begi kwenye chumba cha Yiwu. Cha tatu ni gharama yote, pamoja na usafiri wa kwenda uwanjani au stesheni, kilo za ziada, na usiku wa hoteli unaolipa au unaookoa. Cha nne ni mzigo. Cha tano ni uhakika: kuondoka kwa wakati, na utakachopoteza ukilazimika kubadili siku.

Jambo moja kabla hatujaingia ndani. Tiketi za China huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na nchi nzima hufuata saa moja, iliyo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Tiketi iliyoandikwa 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 20:15 ni saa mbili na robo usiku. Ukizoea kuhesabu kwa saa zetu, ziandike pembeni kwa namna yako tangu siku unayonunua.

Ndege ya moja kwa moja hadi Yiwu

Muda. Ratiba huonyesha takriban muda wa saa 2. Kutoka Xiaobei hadi uwanja wa Baiyun kwa metro weka muda wa saa moja. Fika saa mbili kabla ya ndege kuondoka, kwa kuwa dirisha la kukabidhi mizigo hufungwa kama dakika 45 kabla, na Baiyun ni uwanja mkubwa wenye foleni ndefu na majengo ya abiria yasiyokaa pamoja. Soma kwenye tiketi unaondokea jengo lipi kabla hujatoka hotelini. Uwanja wa Yiwu ni mdogo na uko karibu na mji, hivyo kutoka kwenye ngazi za ndege hadi hotelini karibu na soko hutumii zaidi ya saa moja kwa kawaida. Jumla inakuwa muda wa saa 6 hivi, na ndiyo fupi kuliko njia zote nne tunazolinganisha hapa.

Saa za soko ni hadithi nyingine. Ndege za moja kwa moja hadi Yiwu si nyingi kwa siku, kwa hiyo huchagui saa unayoitaka, unachukua iliyopo. Ukipata ya jioni, umefanya kazi Guangzhou mchana kutwa na kesho asubuhi uko Futian. Ukipata ya adhuhuri, unatoka hotelini saa tatu asubuhi na kufika Yiwu alasiri, soko likiwa karibu kufungwa. Hapo ndege imekula siku ileile ambayo treni ingekula.

Gharama. Bei hupanda na kushuka kutokana na siku, msimu na umewahi vipi kununua. Ukiwahi, nje ya msimu, ndege inaweza kuwa rahisi kuliko treni ya mwendokasi. Wakati wa Canton Fair, maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, inaweza kuizidi mbali.

Mzigo. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Ndege iliyokuleta kutoka nyumbani huenda ilikuruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Ndege za ndani ya China, daraja la kawaida, kwa kawaida huruhusu kilo 20 tu. Kwenda Yiwu mikono mitupu si tatizo. Kurudi na sampuli za vyombo, kufuli na vifaa vya jikoni ni jambo jingine, na kila kilo ya ziada hulipiwa. Kama sehemu ya ndani ya safari iko kwenye tiketi moja na ile ya kimataifa, uzito wa kimataifa kwa kawaida ndio unaofuatwa, basi muulize aliyekukatia tiketi kabla hujalipa. Sifa moja ya ndege inasahaulika: visu vya jikoni na mikasi vinaweza kusafiri ndani ya begi unalokabidhi, wakati treni huvikataa.

Uhakika. Anga ya Guangzhou ina mvua za radi kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi chao, na vimbunga huja zaidi kati ya Julai na Septemba. Isitoshe, sehemu kubwa ya anga ya China iko chini ya jeshi, njia za ndege za abiria zimebanwa, na ndege kukaa chini ikisubiri ruhusa si jambo la ajabu. Tiketi ya bei ya chini ukiibadilisha au kuirudisha unaweza kupoteza sehemu kubwa ya pesa.

Inamfaa anayefika kutoka Afrika na kutaka kuunganisha moja kwa moja bila kuingia mjini, na mwenye siku chache aliyepata ndege ya jioni.

Ndege hadi Hangzhou, kisha reli

Hangzhou ndio mji mkuu wa Zhejiang, na uwanja wake wa Xiaoshan uko kilomita 1,040 hivi kutoka Baiyun. Ndege ni nyingi mno kuliko za Yiwu, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Muda. Angani ni karibu sawa na Yiwu. Ukishuka unachukua metro hadi stesheni ya Hangzhou Mashariki, kisha treni ya mwendokasi hadi Yiwu kwa muda usiofika saa moja. Ukijumlisha na kusubiri, mlango kwa mlango inafika muda wa saa 8 hivi. Yapo pia mabasi yanayotoka uwanjani kwenda Yiwu, yanayomfaa mwenye mabegi mazito asiyetaka kupanda na kushuka ngazi za metro.

Gharama. Ushindani wa ndege nyingi hushusha bei, na treni fupi ya mwisho si ghali. Usinunue tiketi ya treni iliyobana sana na saa ya ndege kutua, kwani ndege ikichelewa unaanza kukimbizana na muda. Treni za Hangzhou hadi Yiwu ni nyingi, basi nunua ukishatua.

Mzigo na uhakika. Masharti ya kilo ni yaleyale ya ndege za ndani, ukiongeza kwamba mzigo utaushika mkononi mara nyingi zaidi. Ila ndege moja ikifutwa, ipo nyingine baada ya muda mfupi, na hilo uwanja wa Yiwu hauwezi kukupa.

Inamfaa aliyekosa ndege ya moja kwa moja kwa saa nzuri, au mwenye mtu wa kuonana naye Hangzhou.

Treni ya mwendokasi

Muda. Safari yenyewe huchukua takriban muda wa saa 7, ikizidi au kupungua kulingana na treni na vituo inavyosimama. Treni nyingi za aina hii huondokea stesheni ya Guangzhou Kusini. Kutoka Sanyuanli unapanda metro laini ya 2 moja kwa moja bila kubadilisha. Kutoka Xiaobei unapanda laini ya 5 kituo kimoja tu, kisha laini ya 2. Hesabu kama saa moja njiani na dakika 45 hadi saa moja ya kupita ukaguzi na kutafuta geti. Mlango kwa mlango ni muda wa saa 9 na zaidi kidogo.

Kwa kipimo cha soko, hii ndiyo njia inayokula zaidi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ukiondoka saa mbili asubuhi unafika saa tisa alasiri, na ukishaweka begi soko limebakiza muda mfupi. Lakini siku hiyo si lazima iwe ya hasara. Ndani ya behewa kuna meza, umeme wa kuchajia simu na mtandao unaoshika sehemu kubwa ya njia. Mtu aliyetoka kuzunguka masoko ya Guangzhou ana picha mamia kwenye simu, kadi za wauzaji, bei zilizoandikwa ovyo kwenye daftari. Muda wa saa 7 umekaa, bila mtu wa kukuita dukani, ndio unaoyapanga hayo, na mteja wa Kariakoo au Eastleigh anajibiwa asubuhi yake, akishaamka. Nimeona watu wakifika Yiwu kwa njia hii wakijua hasa wanachotafuta, na wengine wakifika kwa ndege wakaanza kuuliza upya vitu walivyokwisha kupata Guangzhou.

Gharama. Bei haichezi sana kama ya ndege. Daraja la pili linatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Chai na chakula vinauzwa ndani, na maji ya moto ni ya bure katika kila treni. Anayekula halali tu afungashe chakula chake, maana migahawa ya kuaminika ipo Xiaobei na ipo Yiwu, lakini njiani si ya kutegemea.

Mzigo. Kanuni ni kilo 20 kwa mtu mzima, na jumla ya urefu, upana na kimo cha begi isizidi sentimita 130. Kwa kawaida huwekewi mzigo kwenye mizani kama uwanja wa ndege, ila utaubeba mwenyewe, utaupitisha kwenye mashine ya ukaguzi, na sehemu ya kuweka mabegi makubwa mwisho wa behewa hujaa haraka. Furushi kubwa lililofungwa kwa mkanda linaweza kukataliwa mlangoni.

Uhakika. Hapa reli inaongoza. Mvua inayowaweka abiria sakafuni Baiyun mara nyingi haiizuii treni, ingawa kimbunga kikubwa kinaweza kusimamisha hata reli. Na mipango ikibadilika hasara ni ndogo: ukirudisha tiketi siku 8 au zaidi kabla hukatwi kitu, zaidi ya saa 48 kabla unakatwa asilimia 5, kati ya saa 24 na 48 asilimia 10, na chini ya hapo asilimia 20. Kwa mfanyabiashara ambaye kiwanda kinaweza kumwambia "subiri kesho", hilo lina thamani kubwa.

Inamfaa anayetaka kufika kwa wakati unaotabirika, asiyependa ndege, na mwenye kazi ya mezani ya kumaliza njiani.

Treni ya usiku yenye vitanda

Muda. Kwa treni za kawaida za vitanda weka muda wa saa 15 hivi, na zipo zinazozidi hapo. Kwa saa ya ukutani ni ndefu kuliko zote, lakini ukiondoka jioni na kufika asubuhi, hujapoteza soko la Guangzhou wala la Yiwu. Sharti ni kuchagua treni inayofika kabla ya saa nne asubuhi. Inayofika saa saba mchana imeondoa faida yake yote.

Gharama. Kitanda cha daraja la kawaida kwa kawaida ni karibu nusu ya bei ya kiti cha treni ya mwendokasi, tena umeokoa usiku mmoja wa hoteli. Kwa anayehesabu kila yuan, hakuna njia inayoikaribia hii.

Starehe, kwa kuwa hapa lazima itajwe. Daraja la kawaida, wanaloliita kitanda kigumu, lina vitanda sita vya ghorofa tatu katika chumba kisicho na mlango. Shuka, blanketi na mto vipo. Kitanda cha chini ni ghali kidogo, na kwa mzee au mwenye magoti mabovu kinastahili nyongeza hiyo. Kitanda laini kina watu wanne na mlango unaofungwa. Taa huzimwa kama saa nne usiku. Mama anayesafiri peke yake asiogope, wahudumu hupita usiku kucha, lakini pesa na pasipoti zilale mwilini. Na ajiulize kwa ukweli kama anapata usingizi katikati ya wageni wanaokoroma, maana anayefika Futian bila kulala atapoteza siku yake akiwa ndani ya soko lenyewe.

Mzigo. Uzito ulioandikwa ni kilo 20 vilevile, lakini kipimo cha begi ni hadi sentimita 160. Kwa anayerudi Guangzhou na mabegi ya sampuli, hii huwa nafuu ya kweli.

Uhakika. Huondoka kwa wakati kwa kawaida, ila huchelewa njiani kuliko za mwendokasi. Masharti ya kurudisha tiketi ni yaleyale. Tazama sana jina la stesheni: Guangzhou ina stesheni kadhaa, na tangu Baiyun ifunguliwe Desemba 2023 baadhi ya treni zimehamia huko. Stesheni ya Baiyun siyo uwanja wa ndege wa Baiyun, na dereva wa teksi akisikia nusu ya jina anaweza kukupeleka kusiko.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo, mwenye mwili unaolala popote, na anayerudi na vitu vikubwa visivyo vizito sana.

Yanayogusa njia zote

Pasipoti ndiyo tiketi yako, kwenye reli na kwenye ndege. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, hata kama ni manne. Mageti ya stesheni yametengenezwa kwa vitambulisho vya Wachina, kwa hiyo tafuta lango lenye mhudumu umwonyeshe pasipoti.

Powabenki huruhusiwi kuiweka kwenye begi la kukabidhi la ndege popote. Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hukubali tu zenye alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, inayosomeka wazi, na ile uliyonunua nyumbani huenda haina. Hii peke yake imewaachisha wengi powabenki kwenye ukaguzi.

Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla. Canton Fair ya masika huanza 15 Aprili na ya vuli 15 Oktoba, kila moja kwa mafungu matatu. Fungu la tatu la masika huanza 1 Mei, siku ambayo Wachina wenyewe wako safarini kwa mapumziko, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni hivyohivyo. Siku hizo nunua saa ileile tiketi zinapofunguliwa. Kuelekea mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, usafiri hujaa kwa siku 40 na soko la Yiwu lenyewe hufungwa kwa wiki mbili hivi. Hapo swali la ndege au treni halina maana.

Uchague ipi

Kama unatua Guangzhou asubuhi ukitoka Nairobi, Addis Ababa au Dar es Salaam na Yiwu ndiyo kituo cha kwanza, unganisha kwa ndege palepale Baiyun. Acha nafasi ya saa 3 au zaidi kwa uhamiaji na mizigo. Ikiwa ndege ya Yiwu ni ya usiku sana, tazama ya Hangzhou.

Kama umemaliza Guangzhou na una siku mbili tu za Yiwu, tafuta ndege ya jioni kwanza. Ikikosekana, chagua treni ya usiku kuliko ndege ya mchana.

Kama una wiki nzima na oda za kupanga, treni ya mwendokasi ya asubuhi, siti ya dirishani, chaja mfukoni.

Kama unasafiri na mzazi au mtu mwenye afya dhaifu, chagua kati ya ndege ya moja kwa moja na treni ya mwendokasi, kwa kutazama kipi kinamchosha: foleni za uwanjani au kukaa muda mrefu. Treni ya usiku iachwe, labda kitanda laini cha chini.

Kama ni kati ya Julai na Septemba na una miadi isiyosogezeka kiwandani, nenda kwa reli, tena siku moja kabla.

Na wala si lazima urudi kwa njia uliyoendea. Kwenda unakuwa mwepesi na una haraka, kurudi una mabegi na haraka imepungua. Wengi wanafaa kwenda kwa ndege na kurudi kwa treni. Mwenye seti za visu au mikasi kwenye sampuli afanye kinyume, arudi kwa ndege na kuvikabidhi, au avikabidhi kwa wakala wa mizigo hukohuko Yiwu viingie kwenye kontena pamoja na oda.